Je, kuna aliyekuuliza? Barua ya wazi kwa vijana wa uinjilisti

Wajukuu zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita mlisimama mbele mkatoa ripoti. Mmegawa trakti, vile vijikaratasi vya injili, mia nne sokoni na kwenye paki ya teksi, mmehubiri kwa spika siku tatu mfululizo, na mlevi mmoja akalia. Kanisa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga, ila mikono ilikuwa mizito, na mwenyekiti wenu akaniona. Baada ya ibada akanifuata: "Babu, una neno?" Nikamwambia ninalo, lakini si la kusemwa nimesimama juani. Ndiyo hii barua. Nimeiandika wazi ili na wazazi wenu waisome, maana nusu ya makosa nitakayoyataja mmeyarithi kwetu.

Nina swali moja. Katika watu mnaowajua kwa majina, yaani anayewauzia mandazi asubuhi, kijana wa bodaboda wa stegi yenu, mwenye nyumba mliyopanga, nani amewahi kuwauliza habari za imani yenu? Sizungumzii mliyemfuata ninyi. Nasema aliyekuja mwenyewe akauliza.

Nauliza kwa sababu ya Petro. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, mstari wa 15, anatutaka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole. Mstari huo nimeusikia ukihubiriwa tangu utotoni, na kila mhubiri hukazia kujibu. Hilo neno la kuulizwa wanaliruka. Petro alichukulia kwamba watu watauliza tu, kama jirani anavyouliza moshi unatoka wapi. Sisi tunajibu ambayo hayajaulizwa, na kwa sauti ya kutoboa masikio.

Mnaijua kazi yangu. Tangu 1974 niko nyuma ya cherehani, na baraza yangu ni ileile mnayopita mkienda paki. Mafundi wa nguo tunajulikana kwa dhambi moja: njoo kesho. Mwaka fulani, Krismasi ikikaribia, mama mmoja aliniletea kitambaa cha gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wetu. Gomesi humeza karibu mita sita, na kitambaa chake hakikuwa cha bei ya mchezo. Alitaka kukivaa kwenye kwanjula ya bintiye, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Nikapokea kianzio, nikamwambia aje Jumatano. Jumatano nikamwambia Ijumaa. Ijumaa nikamwambia umeme ulikatika.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu.

Yule mama akakiangalia kile kikanyagio, akakiangalia tena, akanyamaza. Nami kwa haya, nikitafuta neno la kuziba ule ukimya, nikasema: "Mama, Jumapili tuna mkutano wa injili, karibu sana." Akaweka mkoba begani taratibu. "Fundi," akaniambia, "huyo Yesu wako naye husema njoo kesho?"

Sikuwa na jibu, na sikulala. Nilikesha kwenye taa ya chemli hadi gomesi ikaisha, mabega yamesimama vizuri, vifungo viwili mahali pake. Kisha nikafungua kabati. Kwa desturi yetu mafundi, vipande vinavyobaki huwa vyetu, na mteja haulizwi. Vya mama yule vilitosha blauzi ya mtoto. Nikavikunja, nikavifunga pamoja na nguo yake. Alipofungua kifurushi alfajiri ile alivishika vile vipande, akanitazama, asiseme kitu. Hakuokoka siku hiyo. Kanisani hakuja. Lakini alizoea kusimama barazani akipita, tukisalimiana, na baada ya kama miaka miwili, mumewe akiwa amelazwa, alikaa kwenye benchi langu akaniuliza: "Fundi, wewe ukiomba huwa unasemaje?"

Hapo ndipo nilipojibu. Miaka miwili ya kungoja, dakika kumi za kusema.

Jambo la vipande sikulibuni mimi. Marehemu mama yangu alikuwa mlokole wa wale wa zamani. Mmesikia habari za Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, waliokutana pale Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na jinsi uamsho ulivyowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaja kwetu, ukavuka hadi Kenya na Tanganyika. Mkiusimulia ninyi huwa mnasimulia mikutano na nyimbo. Mama yangu alikuwa akisimulia madeni. Mtu aliamka asubuhi akarudisha jembe aliloiba miaka mitano nyuma. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo wakati ule lilikuwa kichekesho. Ndipo kijiji kizima kikaanza kuulizana: huyu amepatwa na nini? Kikauliza hivyo kabla mhubiri hajafika. Wengine waliudhika nao, kweli, na walokole wenyewe walikuwa na ukali wao, mama hakunificha. Lakini jembe lilikuwa limerudi.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo mnaponiumiza kichwa. Mnahubiri kwa Kiswahili popote mnapofika, na mnajivunia kwamba kila mtu anasikia. Mnajua nini masikioni mwa wazee wa rika langu? Kiswahili kilifika kwenye mlango wao usiku, kimevaa buti. Idi Amin, alipoitawala Uganda yetu kijeshi, alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa nchi hii kikawa ni sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, toa kitambulisho, lala chini. Mimi nakipenda, ndicho ninachopimia watu nguo kutwa nzima, lakini nimemwona bibi mmoja sokoni akikaza kikapu chake mara tu kijana wetu aliposhika spika na kufoka "Simama hapo ulipo, ndugu, usikie!" Kijana alidhani ni Roho Mtakatifu. Ilikuwa ni kumbukumbu.

Wala Kiswahili hakikuanzia hapo katika nchi hii. Mwaka 1875 yule msafiri Stanley alipoondoka kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alimwacha huko kijana Mwafrika aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, jina lake Dallington Maftaa, na huyo ndiye aliyemsomea mfalme Maandiko, kwa Kiswahili. Wamisionari Waingereza walikuja miaka miwili baadaye, 1877, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Kwa hiyo kabla lugha hii haijawa ya bunduki, ilikuwa ya kijana mmoja aliyeketi akasoma na mtu mmoja. Irudisheni hapo. Msalimieni mzee kwa Kidhopadhola au Kiteso, hata mkikosea. Acheni acheke kidogo. Mkihamia Kiswahili baada ya hapo, kitakuwa kimevua buti.

Mnakumbuka Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa korona. Wachungaji wengi walihangaika, injili itaendaje bila jengo? Hapo jirani Malaba, mpakani na Kenya, malori yalijipanga foleni ya kilomita na kilomita yakingoja vipimo, na watu waliwaogopa madereva kama ukoma. Hawakuuziwa chai. Mmoja wa mama zetu, mnamjua ingawa hataki nimtaje, alikuwa akibeba uji kwenye dumu la lita tano, anauweka kando ya barabara pamoja na vikombe vya plastiki, kisha anarudi nyuma hatua kadhaa na barakoa yake. Siku ya tatu dereva mmoja, mtu wa mbali kwa matamshi yake, akamwuliza kwa sauti kutoka upande wa pili: "Mama, kwani unatulisha kwa nini?" Nilimwuliza mama huyo alijibu nini, nikitarajia mahubiri. Akasema: "Nilishikwa na aibu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Yesu, na uji utapoa."

Nimesikiliza mahubiri mengi maishani mwangu. Machache nimeyakumbuka kama hilo.

Kwenye misiba, nawasihi. Nimehudhuria mazishi juzi, jeneza bado liko juu ya ardhi, na mwenzenu akashika maiki akauliza waliokusanyika kama wana uhakika marehemu yuko wapi. Mjane alikuwa ameketi mkekani hatua tatu kutoka kwake. Kama Mungu anataka kusema neno gumu siku ile, mchungaji yupo, na jeneza lenyewe linasema. Kazi ya kijana wa injili msibani ni kuchota maji, kupasua kuni, kuosha masufuria makubwa ambayo hakuna anayetaka kuyagusa, na kurudi wiki ya tatu. Wiki ya tatu ndiyo siri. Wageni wamekwisha, turubai imerudishwa kwa mwenyewe, na mjane anaona jioni ni ndefu. Nendeni wawili, mkae. Hamtahitaji kuanzisha mazungumzo ya Mungu. Ataanza yeye, pengine kwa kumlaumu. Msimtetee Mungu haraka. Ayubu alikuwa na marafiki watatu, na jambo la busara walilofanya ni kukaa chini siku saba bila kusema.

Ya simu nayapitia mbiombio: ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi usipate laana" mkome kuutuma, ni uganga uliovaa kola ya mchungaji. Mkitaka kuitumia simu vizuri, mpigie mtu mmoja, umwulize hali ya mtoto wake, kisha ukae kimya asimulie.

Na majirani zetu Waislamu. Kwenye mtaa huu tumezikana na kulishana, na kila Idi mimi hushona kanzu hadi vidole vikauma. Katiba yetu ya 1995 inasema wazi kwamba Uganda haina dini ya serikali, na kila mtu ana haki ya kuabudu anavyoamini. Kwa hiyo ukienda kula pilau ya Idi, kula pilau. Akikuuliza unaamini nini, mwambie bila kuficha wala kupunguza. Usimwambie yeye anaamini nini. Hilo analijua kukuzidi. Na watoto wao msiwape peremende ili waje kwenye kambi yetu bila wazazi kujua. Hilo lilifanyika, nami sikulikemea wakati wake. Nalikemea leo.

Nahisi baadhi yenu mnaanza kufurahi, hasa wenye haya. Mtasema, "Babu amesema tusihubiri, maisha yetu yatahubiri." Sijasema hivyo. Rika langu lilijificha kwenye neno hilo miaka mingi. Nimewashonea watu sare za watoto wao, kisha suti za harusi za watoto haohao, bila kuwatajia jina la Yesu hata mara moja, nikijiita mpole. Baadhi yao nimewazika. Upole wangu ulikuwa woga tu. Mtu akikuuliza, jibu siku hiyohiyo. Ukimwambia aje kanisani mchungaji atamweleza, umemwambia njoo kesho.

Jibu lenyewe liwe lako. Huko shuleni mmekaririshwa mistari kwa mpangilio, si vibaya, lakini anayekuuliza kwenye benchi la bodaboda anataka kujua wewe ulikuwaje na imekuwaje. Sema kwa kipimo cha kweli. Kama hukuwahi kuwa jambazi, usijitie ujambazi ili ushuhuda unoge. Kama bado unapigana na hasira, sema bado unapigana. Siku yule mama aliponiuliza ninavyoomba, nilimwambia kwamba asubuhi nyingi huwa sina maneno, nakaa tu na uzi mkononi nasema, "Bwana, nisaidie nisidanganye mtu leo." Akacheka sana. Kisha akauliza kama anaweza kuomba hivyohivyo, hata kama hajabatizwa. Tukaomba pale benchini, bodaboda zikipita.

Sitaki mvunje kikundi. Trakti zilizobaki msizitupe, karatasi ni ghali. Wekeni chache mfukoni kwa ajili ya atakayeomba kitu cha kusoma. Spika naomba ipumzike stoo hadi Pasaka, tuone kama kuna atakayeikosa.

Jambo moja la mwisho. Yule mzee muuza mkaa nyuma ya kiwanja cha mpira amefiwa na mkewe, mmesikia. Mazishi yalikuwa wiki mbili zilizopita na wengi wenu mlikuwepo. Jumamosi hii ndiyo inaingia ya tatu. Anakaa peke yake, kisima kiko mbali, na goti lake ni bovu. Nahitaji wawili wenye baiskeli, waje na madumu saa kumi jioni. Mimi nitakuja na suruali yake, ambayo nimeimaliza siku niliyomwahidi.

Ni mimi babu yenu, fundi wa barazani,
Tororo