Barua kutoka Guangzhou

Guangzhou, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama Kichina tulichosoma Dodoma kitakutosha huku. Dukani na benki kitakutosha kabisa, Kimandarini kila mtu anakijua. Ila wenyeji wakigeukiana kunong'onezana bei, utabaki kutoa macho. Hicho ni Kikantoni, na ndicho ninachohangaika nacho siku hizi.

Wanakiita lahaja; mimi sikubali. Lahaja ni Kimvita na Kiunguja, watu wanaelewana huku wakichekana. Hiki na Kimandarini ni kama Kiswahili na Kingazija: undugu unauona, maana inakuponyoka.

Kinachonitoa jasho ni toni, ule mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno. Badala ya zile nne zetu za Kimandarini, huku ziko sita, na baadhi ya zile za chini zimekaribiana mno. Halafu kuna maneno yanayokatwa ghafla kwa p, t au k: mdomo unafunga, pumzi haitoki. Kumi, ile "shi" yetu, ni "sap". Moja ni "yat", sita ni "luk". Hata Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, kwao ni Siubak.

Lakini kuna mahali Mswahili anatangulia. "Mimi" ni "ngo", kwa ng' ile ile ya ng'ombe (ingawa wapo vijana wanaoidondosha), na kikanushi chao ni "m" tupu, kama ya mtu. Dada mmoja wa kaskazini ninayesoma naye hiyo ng' inamtesa kwelikweli, mimi nacheka tu.

Kusoma usiogope, magazeti ni yale yale. Kwenye meseji za simu ndiko utakutana na herufi zao wenyewe. Ninayoipenda ni 冇, "hakuna": ni 有 yetu ya "kuna", imenyofolewa vistari viwili vya ndani!

Kabla hujaja, jifunze jyutping, mfumo wa herufi za Kilatini uliotolewa Hong Kong mwaka 1993. Usiusome kama pinyin, ile ya kuandikia Kimandarini kwa Kilatini, maana j yake ni y: ile "yat" inaandikwa jat1, namba ndiyo toni. Ukishafika, panda metro. Vituo vinatangazwa kwa Kimandarini na kwa Kikantoni, jina moja unalisikia kwa namna zote mbili papo hapo. Mimi humo nimeokota mengi kuliko darasani.

Tiketi ikipatikana nijulishe, nije kukupokea. Mama msalimie sana.

Wako,
Mwanahamisi