Ng'ombe akichechemea, kagua banda kabla ya sindano

Ndugu Mhariri,

Wafugaji wa ng'ombe wa ndani, kuanzia Hai na Rombo hadi Rungwe, wanamaliza fedha kwenye sindano za kutibu kuchechemea wakati kosa liko kwa aliyejenga banda. Nawaomba maofisa mifugo wa kata wafike na futi, si boksi la dawa peke yake.

Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala takriban saa 12 kwa siku. Akikosa mahali pakavu na laini, anasimama. Uzito unaelemea kwato, hasa ile ya nje ya mguu wa nyuma. Mfupa unaminya nyama ya ndani, na wiki kadhaa baadaye kidonda kinajitokeza kwenye unyayo. Ndiyo maana wengi hawaoni uhusiano. Samadi na mkojo navyo vinalainisha kwato na kuwapa bakteria njia.

Mtazame anavyosimama. Akiweka miguu ya mbele kwenye chumba cha kulalia na kuacha ya nyuma kwenye kinyesi kwa muda mrefu, mara nyingi mti wa kuzuia shingo uko chini mno au nyuma mno. Ng'ombe huinuka kwa kutangulia miguu ya nyuma, huku akirusha kichwa mbele. Ukimwekea ukuta puani, atainuka kwa shida au ataacha kulala humo kabisa.

Kwa Friesian aliyekomaa, chumba kiwe na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.2, mbele pawe wazi, sakafu ishuke kuelekea nyuma kama sentimita 4 kwa kila mita. Tandika maranda, mchanga au majani makavu ya migomba, mengi. Kisha piga magoti humo mwenyewe: magoti yakiuma au suruali ikilowa, hapafai. Vyumba visipungue idadi ya ng'ombe, la sivyo mtamba mnyonge atafukuzwa na kulala kwenye tope.

Zege la njia ya kupita lisiwe laini kama sahani. Lichorwe mifereji ya kina cha sentimita 1 likiwa bado bichi, na likikauka lisuguliwe kwa tofali zito kuondoa makali yanayokwangua kwato. Kwenye utelezi ng'ombe haogopi kuanguka tu. Hapandi wenzake, na siku ya joto, yaani anapohitaji dume, inakupita bila wewe kujua.

Zoa samadi asubuhi na jioni. Kata kwato mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa ng'ombe wa ndani hatembei kiasi cha kuzisaga. Dawa ya kukanyagia ni mrututu (salfeti ya shaba) kilo 5 kwa lita 100 za maji, miguu ikiwa imeoshwa kwanza. Maji hayo yakichafuka yabadilishwe, na yasimwagwe penye malisho ya kondoo, kwani shaba huwaua.

Mfugaji,
Hai, Kilimanjaro