Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Watunza Kumbukumbu za Tiba, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zinakuja kwa kusuasua, naomba tusaidiane. Muda wangu nautaka kwa jambo moja: msimbo E87.1, yaani namba tunayoiandika kwenye faili badala ya jina la ugonjwa, huu ukiwa wa sodiamu (madini ya chumvi) kushuka kwenye damu.

Mwezi Machi nilishika faili la mzee mmoja wa Mbagala, aliyelazwa hospitali moja hapa jijini. Karatasi ya maabara ilisema sodiamu 118, na kawaida huanzia 135. Muuguzi wa zamu ya usiku aliandika, "Amechanganyikiwa, hamtambui mwanawe." Nikafungua fomu ya madai ya bima: J18.9, nimonia, basi. Ukimtafuta mzee yule kwa msimbo wa sodiamu, humpati.

Simlaumu karani. Msimbo tunauweka kwa ugonjwa alioutaja daktari, hatusomi namba ya maabara tukajiamulia. Daktari naye aliishughulikia sodiamu: alibadilisha dripu, akasitisha dawa ya presha inayoongeza mkojo, akawahi wodi nyingine bila kuandika utambuzi wa pili, yaani jina la ugonjwa wa pili aliouona. Bima ikalipa nimonia, hakuna aliyeuliza.

Wenzetu pia yamewakuta. Huko Ontario, Kanada, watafiti walilinganisha misimbo ya wazee na vipimo vyao vya damu, wakachapisha mwaka 2012. Kati ya waliolazwa sodiamu ikiwa chini, msimbo ulimnasa takriban 1 kwa kila 10. Lakini kati ya wasio na tatizo, zaidi ya 99 kwa kila 100 hawakubandikwa msimbo huo. Kwa hiyo mkiukuta E87.1 kwenye faili, uaminini kwa kiasi kikubwa. Usipokuwepo, msimjibu mtafiti kwamba mgonjwa hakuwa na shida hiyo. Mtafiti huyo mwelekezeni kwenye rejesta ya maabara.

Linaniuma kwa sababu wakubwa wakikaa kupanga bajeti ya vitendanishi, kemikali za kupimia maabara, husoma taarifa zetu. Ugonjwa usioonekana humo, nani ataombea kipimo chake?

Kamati tendaji imekubali tuanze na kikaratasi kinachorudi na faili: "Daktari, sodiamu ni 118. Je, kuna utambuzi wa kuongeza?" Tuulize hivyo tu, tusimlishe maneno. Wanachama wawili wamekijaribu, na daktari mmoja alirudisha faili siku ileile, ameongeza mstari na kusaini.

Fomu za kugombea ukatibu ziko mezani kwa mweka hazina.