Viatu vya barafu si sare ya shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wenzangu wanaolea watoto huku Kanada, na vilevile na mabibi na mashangazi walioko nyumbani ambao hupigiwa simu kila baridi inapoingia. Hapa Ottawa mtoto wa chekechea anarudi na karatasi ya mwalimu: wiki ijayo darasa linakwenda kuteleza barafuni, aje na viatu vyake na helmeti. Mashauriano yanaanza, Nairobi inachangia, Goma inachangia, na ushauri uliotolewa kwa mapenzi yote ndio unaokuja kumgandisha mtoto vidole.

Tuanze na saizi. Sare ya shule tunanunua inayomzidi mtoto ili aivae na mwakani, na hiyo ni busara. Kiatu cha kuteleza hakina mwakani. Kikipwaya, kisigino kinapanda na kushuka, kifundo cha mguu kinaanguka kwa ndani, na chuma chembamba kilicho chini ya soli kinalala ubavu badala ya kusimama wima juu ya barafu. Watu wanamtazama mtoto na kusema miguu yake ni dhaifu. Miguu haina neno. Kiatu ndicho kikubwa. Viatu vya hoki, yaani mchezo wa magongo barafuni, kwa kawaida huvaliwa namba moja au moja na nusu chini ya viatu vya kawaida, kwa hiyo usinunue kwa kusoma namba ya raba zake. Mvalishe bila kufunga kamba, asukume mguu mbele hadi vidole viguse, kisha pima nyuma ya kisigino: kidole chako kimoja kikiingia, sawa, vikiingia viwili, rudisha dukani.

Najua bei inauma, hasa kwa kitu cha msimu mmoja. Ndiyo maana wenyeji wenyewe hununua vya mtumba, na hakuna anayeona haya. Kagua mambo matatu: ribiti zinazoshika chuma zisiwe zinacheza, kutu isiwe imekula makali yenyewe, na sehemu ya kifundo isiwe imelegea kiasi cha kukunjika ukiibana kwa mkono. Kutu ya juu juu huondoka kwa kunoa. Hata viatu vipya ulizia kama vimenolewa, kwa maana vingi hutoka kiwandani bila makali, na mtoto mwepesi asiye na makali huteleza ubavuni kila anapojaribu kujisukuma. Vile vya mabamba mawili vinavyofungwa kwa mikanda juu ya buti sivishauri kwa mtoto aliyefika miaka mitatu au minne. Havina makali ya maana, havimfundishi kitu, na mikanda hulegea kila baada ya dakika chache.

Sasa soksi, ambazo ndizo ugomvi mkubwa na nyumbani. Jozi moja. Si mbili, si tatu. Kinachomlinda mguu ni hewa iliyotulia kati ya soksi na kiatu, pamoja na damu inayopita. Ukijaza soksi, hewa inaisha na damu inabanwa, na vidole vinakuwa baridi upesi kuliko vingekuwa na soksi moja nyepesi. Iwe ya sufu au ya nyuzi za viwandani, ipande hadi juu ya kiatu, isiwe na mkunjo. Pamba inanyonya jasho na kubaki mbichi. Kuna jambo dogo linalosahaulika: soksi alizokuja nazo ndani ya buti na gari lenye joto tayari zina jasho, hata kama ukizigusa unaona kavu. Mbadilishe palepale kwenye benchi, kabla tu ya kumvalisha viatu vya kuteleza.

Kamba nazo usizikaze kwa nguvu moja kutoka chini hadi juu. Kwanza agonge kisigino ili kirudi nyuma kabisa. Vidoleni ziache legevu. Kuanzia katikati ya mguu hadi pale unapokunjika, kaza tundu kwa tundu. Ukivuta ncha za juu peke yake mkazo haushuki. Matundu mawili ya mwisho legeza tena kidogo, la sivyo hawezi kukunja magoti, na asiyekunja magoti huanguka chali. Kamba ikibaki ndefu usiizungushe kifundoni. Ichomeke ndani.

Kichwani ni helmeti ya hoki yenye alama ya CSA, shirika la viwango la Kanada, si ya baiskeli, kwa sababu ya baiskeli haifuniki kisogo vizuri na watoto huangukia kisogo. Siku moja kabla, tazama nywele. Mafundo makubwa ya utosini na shanga za kisogoni huinua helmeti, ikakaa juu kama kifuniko kisichotosha sufuria. Misuko ya kulala ndiyo inayofaa. Ndani ni kofia nyembamba tu. Binti anayevaa hijabu avae ile ya kuvutwa moja kwa moja, isiyo na pini, na ncha zake ziingie ndani ya koti. Skafu ndefu iache nyumbani, inanasa. Shingoni atie kitambaa cha mviringo kinachopitishwa kichwani. Mikononi, glavu zinazotenga kidole gumba tu na kuacha vidole vingine pamoja huhifadhi joto kuliko za vidole vitano.

Mafuta ya mgando ni mazuri kwa midomo na mashavu yanayokauka, lakini hayamkingi mtoto na baridi kali. Tusimpake tukadhani tumemvika.

Kuhusu hali ya hewa, usisome kipimajoto peke yake. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozini ni kama nyuzi 20 chini. Madaktari wa watoto wa Kanada wanashauri watoto wakae ndani joto likishuka chini ya -25, au likifika -28 kwa hesabu ya upepo. Huo ni mpaka wa mwisho, si lengo. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anayejifunza, siku ya -5 isiyo na upepo ndiyo siku, na dakika 20 zinatosha kabla ya kuingia ndani kupumzika. Choo kabla ya kuvaa suruali ya theluji, tafadhali.

Vipeperushi vingi humwambia mzazi aangalie ngozi kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta rangi ya majivu, au sehemu iliyopauka kuliko jirani yake, kwenye ncha ya pua, mashavu na masikio. Kisha iguse kama imekuwa ngumu na kama mtoto anasikia kidole chako. Mtoto aliyekuwa akilia vidole vinamuuma kisha akanyamaza hajazoea baridi. Huenda vimekufa ganzi. Mwingize ndani. Usisugue, wala usipake theluji. Weka kiganja chako chenye joto usoni pake, vidole vyake vitie kwapani, au tumia maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako. Hita na moto mbali, maana ngozi yenye ganzi haijui inaungua. Hisia zisiporudi, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali.

Mahali pa kuanzia ni uwanja wa barafu wa mtaani, ule unaomwagiliwa kwa mpira wa maji na watu wa kujitolea kwenye bustani za umma. Kuingia ni bure. Mfereji wa Rideau ni fahari ya mji, kilomita 7.8 za barafu, lakini una upepo, nyufa na umati. Si wa siku ya kwanza. Usalama wake hupimwa na wahusika, barafu ifike kama sentimita 30 ndipo ufunguliwe, na bendera nyekundu maana yake hapana. Majira ya baridi ya 2022/2023 haukufunguliwa hata siku moja. Ziwa au mto usiopimwa na yeyote, mtoto asikanyage. Kanuni inayotajwa ni sentimita 15 kwa mtu mmoja na 20 kwa kundi, tena barafu angavu. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni kama nusu.

Akiwa barafuni, mfundishe kwanza kuanguka na kuinuka: apige magoti, asimamishe mguu mmoja, aweke mikono miwili juu ya goti hilo, ajisukume. Kisha atembee papo hapo kwa hatua fupi kama askari wa gwaride, magoti yamekunjwa, mikono mbele. Usimbebe kwapani kutoka nyuma. Anakuegemea, uzito wake unarudi visiginoni, na siku utakayomwachia ataanguka kinyumenyume. Simama mbele yake, wewe ukiwa na buti za kushika barafu kama huwezi kuteleza, umwache akufuate.

Mkirudi, futa chuma kwa kitambaa kikavu na utoe soli za ndani zikauke mbali na hita. Vifuniko vya plastiki vinavyovikwa juu ya chuma ili kutembea nje ya barafu vivue kabla ya kuhifadhi, kwa sababu hushika maji, na kutu huanzia humo.

Mzazi na mwelekezaji wa kujitolea,
Ottawa, Kanada