Waliotangulia kuvuka Mto Kagera wasikilizwe

Mhariri,

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, magazeti hutuletea picha za mkuki, ngao na mashada ya maua. Naziheshimu sana picha hizo, maana pale Kaboya, Muleba, wamelala wenzake baba yangu. Ninachoomba ni nafasi kwa askari ambao kazi yao ilikuwa kutoonekana, wale wapelelezi wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, waliotangulia ng'ambo ya Mto Kagera mwaka 1978.

Daraja la Kyaka lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda Novemba 3, siku moja tu baada ya Mwalimu Nyerere kulitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Lakini ilibidi kwanza mtu avuke usiku, ajue vifaru ni vingapi na mizinga imeelekea wapi. Baba alivuka kwa mtumbwi, wako wanne, makasia yamezungushiwa vitambaa yasipige kelele. Mchana kutwa walijificha ndani ya mafunjo, maji kiunoni, wakitafuna mihogo mikavu. Kuandika walikatazwa, maana karatasi ikikamatwa imesema yote. Basi baba alihesabu kwa kamba ya katani: fundo moja lori, mafundo mawili ya kubanana kifaru. Mwenzao mmoja alikuwa na kikohozi. Aliuma mkanda wa bunduki mpaka fizi zikatoka damu. Hadi leo baba naye akikohoa usiku huuma ukingo wa shuka, na yuko nyumbani kwake, hakuna wa kumsikia ila mama.

Kamba ile ipo, ndani ya kopo la majani ya chai, pamoja na nishani yake. Nilipomuuliza kwa nini ametunyamazia miaka yote hii, alijibu: "Nilikatazwa kusema, na hakuna aliyekuja kuniambia sasa sema."

Watoto wetu wanayajua mapigano ya Masaka na Lukaya kule Uganda, na Kampala ilivyoanguka Aprili 11, 1979. Hawajui nani alikwenda kuchungulia kwanza. Mhariri, tumeni waandishi wenu Missenyi na Karagwe wakiwa na vinasa sauti, na wakubwa wa jeshi wawatamkie wazee hawa hadharani kwamba wameruhusiwa kusema.

Wiki iliyopita tumemzika yule wa kikohozi. Wamebaki wawili.

Binti wa askari,
Bunazi, Kagera