Barua ya kufunga mwaka: kazi ya likizo ni mche ndani ya kifuu

Kwa wazazi na walezi wa watoto wa maandalizi hadi darasa la tatu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tumefunga mwaka salama, alhamdulillahi. Ripoti za watoto ziko kwa walimu wa madarasa. Zifuateni wenyewe, msimtume mtoto, maana mwalimu ana maneno ya kukuambieni ambayo hayaandikiki kwenye ripoti. Tutafungua baada ya sikukuu ya Mapinduzi, na tarehe mtaipata kwa sheha kama kawaida. Sare zilizochanika zishonwe sasa, isiwe usiku wa kuamkia skuli.

Lililonifanya niandike kwa urefu ni hili: safari hii watoto wadogo hawatapewa makaratasi ya kazi za likizo. Tunajua sote mwisho wa yale makaratasi. Kaka mkubwa huyajaza usiku wa mwisho. Badala yake tunakuombeni wakati wenu. Mara mbili tatu kwa wiki, kwa saa moja hivi, mtoto awe nje na mtu mzima wa nyumbani kwake, simu ikiwa imefungiwa kabatini. Nasema simu na nakusudia ya mzazi. Mtoto wa miaka minne hana simu, hupewa ya mama ili atulie mpaka chakula kiive. Silaumu, jiko la kuni lina kazi yake. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, tena ikipungua ndiyo bora. Mwongozo huohuo unataka watoto wa umri huu wa pili wawe katika harakati kwa jumla ya saa tatu kila siku. Saa tatu za kukimbia na kupanda hazipatikani chumbani.

Darasani tunawafundisha kutunza mazingira, na wanaimba vizuri sana. Ukiwauliza majina ya wanyama, wanakutajia simba na dubu wa kwenye katuni, ambao Pemba nzima hawapo. Mchu, mti wa jamii ya mikoko ulio nyuma ya nyumba yao, hawaujui. Hapo chaki ya mwalimu haifiki mbali. Anayeweza ni bibi aliyechokoa pweza tangu usichana wake, au baba anayeitambua boriti ya mkandaa kwa kuigusa tu.

Anzeni pwani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mno karibu na saa nne asubuhi, na mama wengi wa hapa saa hizo mko kwenye mwani. Siku moja mchukueni mtoto, asifanye kazi, atazame tu. Usiku uliotangulia mwonyesheni mwezi, akisie mwenyewe kama kesho maji yatakwenda mbali au ni maji mafu. Akigeuza jiwe, alirudishe lilivyokuwa: chini yake wanaishi viumbe wasiostahimili jua, na jiwe lililoachwa limepinduka huwamaliza kabla maji hayajarudi. Kombe lenye kiumbe ndani libaki pwani. Hata matupu msiyazoe yote, kwani wapo kaa wanaohamia humo. Mfuko wa plastiki unaoelea uokotwe, kasa huudhania yavuyavu akaumeza. Avae viatu, kwa ajili ya wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Na tafadhali sana, asishike konokono wa bahari mwenye gamba la umbo la pia. Baadhi yao wana sumu kali, na urembo wa magamba yao ndio unaowavuta watoto.

Kwenye mikoko mnaweza kwenda hata jioni. Mchu hutoa chumvi kwenye majani yake. Mwambieni mtoto alilambe jani, hatausahau mti ule maisha yake. Mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli, na kwa hiyo mizizi mti unapata pumzi, maana ndani ya tope hewa haba. Mkoko wenyewe una ajabu nyingine: mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka, kisha ikaanguka na kuelea hadi ipate tope la kusimama. Zilizoanguka huokotwa zikapandwa bila jembe, unachomeka ncha tu. Ila msipande popote mnapoona pana nafasi. Kupanda juu ya majani ya bahari ni kupoteza miche na kuharibu malisho ya samaki. Muulizeni sheha wapi mikoko ilikatwa, irudishwe palepale.

Sasa popo. Popo wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno, kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Mwaka 1996 waliwekwa kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2008 waliondolewa daraja hilo wakashushwa madaraja mawili, kwa kuwa idadi yao ilipanda baada ya wanavijiji wenyewe kuunda vikundi vya kuwalinda. Wapo mababu waliowala popo hao. Waombeni wawasimulie wajukuu walivyowawinda na kwa nini wameacha. Hadithi hiyo mwalimu kijana hana.

Kidike si mbali na Chake, na mchana mtawaona wamening'inia juu ya miti. Msiwapigie makofi ili waruke, mchana ndio usiku wao. Wala asiguswe popo aliyeanguka chini, mtoto amtazame kwa mbali. Asiye na nauli akae uani jua likizama, awatazame wakitoka. Hula maembe, zambarau na mashelisheli, nazo mbegu ndogo huzidondosha mbali na mti mama, na miti mingi ya msituni huota kwa namna hiyo. Najua wanaharibu maembe yenu. Hilo tutalizungumza kwenye mkutano wa wazazi, si kwa mawe.

Mvua ikiwazuia kutoka, babu awasukie mpira wa makuti. Hilo halihitaji maelezo yangu.

Kazi yenyewe ya likizo ni moja. Mtoto ale embe, aioshe kokwa, mtu mzima alipasue ganda kwa kisu na kuitoa mbegu ya ndani. Kifuu kitobolewe chini, kijazwe udongo wenye samadi, mbegu ilazwe mgongo juu na kufunikwa kidogo. Kikae kivulini, kipate maji kiasi kila asubuhi. Kokwa ya dodo au boribo haitoshi ndani ya kifuu, tumieni galoni lililokatwa. Baada ya wiki mbili hadi nne mtaona kitu. Kwenye chuo cha Kurani watoto wameisikia hadithi ya mtu mwenye mche mkononi na Kiyama kimesimama, kwamba akiweza aupande. Waambieni wakusimulieni siku ya kupanda.

Sharti letu ni kwamba mzazi asimwagilie kwa niaba ya mtoto. Mche ukikauka kwa kusahauliwa, na ukauke. Siku ya kufungua kila mtoto aje na kifuu chake, kilichoota na kisichoota. Miche mizima tutaipanda nyuma ya madarasa ya maandalizi, pasipo na kivuli. Visivyoota tutavimwaga juu ya gunia mbele ya watoto, watazame wenyewe kama mbegu imeoza kwa maji au imekaukia.

Wassalaam,

Mwalimu Mkuu
Skuli ya Maandalizi na Msingi
Wilaya ya Chake Chake, Pemba