Huko Marekani, vaa merikani

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Picha ya vifaa ulivyopewa huko jeshini vya kujifunzia kurusha helikopta nimeipata, nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Kofia nimeiona, glavu, buti, na kile kibao cha kufunga pajani. Sasa nijibu moja kabla ya mengine: chini ya lile shati na suruali ya kurukia unavaa nini? Nilikuuliza Jumapili ukacheka, ukasema, "Mama nawe na nguo za ndani." Ndiyo, mimi na nguo za ndani. Miaka 31 niko kwenye cherehani, nina haki ya kuuliza. Na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Umesema kitambaa ni Nomex, hakiyeyuki. Ndugu yako amenisomea habari zake na nimekikubali. Kikipata moto kinageuka mkaa, kinakakamaa, hakidondoki wala hakigandi mwilini. Lakini kinakupa sekunde chache za kutoka, si zaidi. Joto linapenya. Kama ndani umevaa nailoni, itakuyeyukia mwilini huku shati la juu bado zima. Jeshi lenyewe limewaambia: chini yake pamba, sufu, au Nomex. Sasa mbona kwenye ile picha uliyovaa kofia nimeona utepe mweusi unang'aa begani? Ile ni sidiria ya mazoezi. Ni poliesta ile, mwanangu. Usinibishie, mng'ao wa poliesta naujua.

Ukinunua chochote cha kuvaa ndani, usiamini kilichoandikwa kwenye lebo. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ukilifinya linakuwa unga. Nailoni inajikunja, inayeyuka, kisha inakuwa kijishanga kigumu. Kijishanga ukikiona, usivae.

Nimekushonea fulana sita za rangi ya mchanga kama ulivyoniambia, pamba tupu, kila jora nimelichoma uzi kabla ya kulikata. Mabibi zetu walikuwa na kitambaa wakikiita merikani, pamba isiyopaushwa, kikaitwa hivyo kwa kuwa kilitoka huko uliko. Basi huko Marekani vaa merikani. Ingawa kwa sanamu ile uliyonitumia ya mji wa Enterprise, sina hakika kama pamba bado wanaiheshimu. Mwanamke ameinua fukusi juu ya kichwa! Nimewaonyesha mafundi wenzangu. Mdudu anakula pamba yao yote, wanahamia karanga, wanapata pesa, halafu mwaka 1919 wanamjengea mnara. Walicheka siku nzima.

Umesema suruali ni pana kiunoni na unataka kuipeleka kwa fundi wa mjini aibane. Usithubutu. Mimi fundi ndiye ninayekwambia usiipeleke kwa fundi. Upana ule ni hewa, na ile hewa ndiyo inayolichelewesha joto. Akikupitishia uzi wa poliesta, siku ya siku mshono ndio utakaoachia kwanza. Halafu si mali yako, umeitilia sahihi stoo na utairudisha. Usiitie wanga pia. Najua unapenda nguo isimame, umelichukua kwangu, lakini wanga unashika moto. Wala usiiloweke kwenye dawa ya kulainisha nguo.

Glavu usizikate ncha za vidole, hata wenzio wakikata. Kiganja chake ni cha ngozi, kitakusumbua siku za mwanzo, kisha kitauzoea mkono. Mikono ya shati ishuke mpaka iingie kwenye glavu. Hilo silo la kukufundisha wewe. Tangu darasa la pili sijakuona umekunja mikono.

Na rasta zako, zile nywele bandia? Msusi akimaliza anazichoma ncha kwa kiberiti zisifumuke, umekaa pale unaona zinavyoyeyuka. Ndizo unazotaka kuwa nazo ndani ya kofia? Suka nywele zako mwenyewe, mistari midogo. Tena kama ule utando wa ndani ya kofia waliupasha moto ukafuata umbo la kichwa chako ukiwa na rasta, ukifumua kofia itacheza, rudi wakupime upya. Ajabu ya dunia: miaka 19 nakwambia funika kichwa hukusikia, Wamarekani wamekufunika kwa wiki moja. Picha hiyo nimeiweka dukani, juu ya kioo. Wateja wakiuliza nasema ni binti yangu, anasomea kurusha helikopta. Nawaambia hata wasiouliza.

Lakini tarehe 18 Aprili 2024 hujanisahaulisha. Nilikuwa nashona sare za shule, redio inaongea, wakasema helikopta ya Jenerali Ogolla, mkuu wa majeshi ya Kenya, imeanguka Elgeyo Marakwet na kuwaka. Waliokufa 10, waliotoka hai wawili. Na Jenerali mwenyewe alikuwa amesomea urubani. Wiki ileile ukanipigia kusema umejaza fomu za urubani. Nilikwambia hongera. Nilikwambia hongera kwa sababu shangazi yako alikuwa amekaa mbele yangu ananitazama.

Shangazi yako miguu inavimba tena. Daktari amemwambia apunguze chumvi, naye anasema mchuzi bila chumvi ni maji ya kuoshea sahani. Chumba cha uani tumemtolea ngazi ile moja, sasa anaingia bila kushikwa. Nimeishi naye vizuri, ukifikiria. Wewe unajua ilivyosemwa, kwamba yeye ndiye aliyekuacha karibu na jiko. Watoto wote wa nyumba hii wamecheza karibu na jiko lile. Siku ile kilichokuwa kipya ni gauni. Nailoni ilikuwa nusu ya bei ya pamba, na nilitaka likushike umbo, ling'ae, binti wa jirani asiwe na la kusema siku ya Idi. Nilikuwa na miaka minane kwenye kazi. Uzi ukichomwa unafanyaje, nilikuwa najua.

Nimemwambia juzi. Alinyamaza, kisha akaniomba nimsogezee kigoda aweke miguu. Ukipiga simu, anza kwake.

Mashine ya ovaloki imekufa tena, fundi anataka elfu nne na hata kuifungua hajaifungua. Sare za muhula ujao nimechukua oda za shule mbili, nitamwomba mwenzangu wa duka la pili anifungie kingo. Ndugu yako anasema hatarudi chuoni mpaka apate simu nyingine, nimemwambia aongee na wewe, sikumwahidi kitu, nawe usimwahidi. Pesa uliyotuma mwezi uliopita imeingia kwenye bati za jikoni. Za chumbani zinasubiri.

Anwani uliyonipa mara ya kwanza ilisema Fort Novosel, hii mpya inasema Fort Rucker. Ndugu yako anasema kambi yenu ilikuwa Rucker, mwaka 2023 wakaigeuza, 2025 wakairudisha. Watu wa posta walinitazama kama mimi ndiye niliyekosea. Nimeandika yote mawili kwenye karatasi ya mzigo.

Fulana ziko tayari, suruali za ndani bado. Nimekata mbili nikasita, maana kipimo nilicho nacho daftarini ni cha kabla hujaondoka, kiuno inchi 27. Jipime leo usiku, utepe usiubane, unitumie.

Mama yako